Kabla hujatuma pesa ya gitaa la ‘riishu’, soma hii

Wacha nianze na aibu yangu, ndiyo wewe uokoe pesa zako.

Mwaka 2021, miezi michache baada ya kuacha chuo, nilikuwa na Sh90,000 kwenye simu. Hizo hazikuwa pesa za kuokota. Zilitokana na kupiga gitaa la kuazima kwenye harusi za watu, kuhariri video usiku kucha na kula chapo madondo mara moja kwa siku. Nyumbani walikuwa bado hawajanisamehe kuhusu chuo. Mamangu aliniuliza swali moja tu: “Sasa hiyo muziki ndiyo itakulisha?” Sikuwa na jibu la mdomo. Nilitaka kumjibu na gitaa langu mwenyewe.

Ndipo nikaona tangazo mtandaoni. Fender Stratocaster, “riishu ya 62, premium, orijino kabisa, ya Marekani.” Muuzaji aliniita “bro” kama mara kumi kwa simu moja. Akanitumia picha ya kichwa cha gitaa na nembo ya Fender inang’aa. Nilipomuuliza mbona bei iko chini, akasema mwenyewe anahama nchi na ana haraka.

Wewe ushajua hii hadithi inaishia wapi. Mimi sikujua.

Wiki mbili baadaye sauti ilianza kukatika, nikampelekea mzee mmoja fundi wa magitaa, mtu aliyepiga benga enzi zake. Alifungua skrubu nne nyuma ya shingo, akaitoa, akaangalia ndani na kunyamaza. Kisha akasema, “Kijana yangu, ni nani alikuuzia hii?” Mwili ulikuwa wa plaiwudi. Shingo ilitoka kwenye gitaa jingine kabisa. Ile nembo ilikuwa stika. “Si baya, linalia,” akanifariji. “Lakini si lile uliloambiwa.” Alikadiria thamani yake kuwa Sh15,000, na nadhani alikuwa ananihurumia.

Nilikaa na hiyo hasira muda mrefu mpaka nikaelewa kitu kimoja. Huyo jamaa hakuniuzia gitaa. Aliniuzia neno, na mimi sikujua neno hilo maana yake ni nini. Kwa hivyo leo tulifungue pamoja, pole pole, ili mtu akikuambia “riishu” wewe uwe ndiye unayeuliza maswali.

Miaka miwili kwenye gitaa moja

Riishu ni toleo la marudio. Kampuni inachukua gitaa ililolitengeneza zamani, inarudi kwenye vipimo vyake, kisha inalitengeneza upya leo. Inarudia unene wa shingo, aina ya mbao, rangi, skrubu na pikapu. (Pikapu hapa si gari la kubeba mahindi. Ni zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme.)

Kama unapenda viatu, tayari unaelewa. Jordan za kwanza zilitoka 1985. Zile Jordan 1 unazoziona zikipita Moi Avenue leo zina umbo lile lile, lakini zilishonwa juzi. Hakuna anayekuuzia hizo akidai Michael Jordan mwenyewe alizivaa.

Kwenye magitaa, sasa, watu hudai. Na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Kila riishu ina miaka miwili: mwaka wa lebo na mwaka wa kuzaliwa. Riishu ya ’62 inaweza kuwa imetengenezwa 1984, 2005 au mwaka jana. Mwaka wa lebo unakuambia ramani iliyofuatwa. Mwaka wa kuzaliwa ndio unakuambia umri. Muuzaji akisema “hii ni ya 62,” muulize polepole: “Ni ya mwaka 1962, ama ni ya aina ya 1962?” Tofauti ya majibu hayo mawili inaweza kuwa bei ya gari.

Mbona watu wanalilia za kitambo?

Hapa lazima turudi Marekani kidogo.

Leo Fender alikuwa fundi wa redio huko Fullerton, California. Hakujua hata kupiga gitaa. Lakini ndiye aliyetuletea gitaa ambalo kufikia 1951 lilikuwa linaitwa Telecaster, na Stratocaster mwaka 1954. Januari 1965 kampuni yake iliuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji, kwa dola milioni 13. Wapigaji wengi husema kuanzia hapo mambo yalianza kuteleza, hasa miaka ya 1970. Magitaa mengi yakawa mazito, yakapakwa rangi nene kama plastiki, na shingo ya Stratocaster ikaanza kufungwa kwa skrubu tatu badala ya nne.

Upande wa Gibson nao una kisanga chake. Les Paul ilizinduliwa 1952. Kati ya 1958 na 1960 ikapewa rangi ya machweo, njano katikati na wekundu pembeni. Haikuuzwa vizuri. Kufikia 1961 Gibson wakabadilisha umbo lake kabisa. Halafu vijana wa Uingereza wakaziokota zile za zamani. Eric Clapton alipopiga Les Paul kwenye albamu ya 1966 ya John Mayall na bendi yake, ghafla kila mtu akaitaka, na hazikuwa zinatengenezwa tena. Gibson waliirudisha Les Paul 1968, lakini wapigaji wakanung’unika kwamba si ile. Leo Les Paul ya 1959 iliyo kamili huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Hiyo ni nyumba hapa Nairobi, na parking juu.

Wakati Wamarekani wamelala, Wajapani walikuwa macho. Miaka ya 1970 kampuni kama Tokai na Greco zilianza kunakili yale magitaa ya miaka ya 1950 kwa uangalifu wa hali ya juu, kwa bei nafuu. Fender wakaona mkate wao unaliwa. Mwaka 1982 wakajibu kwa njia mbili. Wakaanzisha Fender Japan pamoja na kampuni za huko Japani, na nyumbani Marekani wakazindua magitaa ya American Vintage: Telecaster ya ’52, na Stratocaster za ’57 na ’62.

Yaani riishu tunazoziabudu leo zilisukumwa sokoni na nakala. Na kuna kichekesho kingine. Baadhi ya magitaa ya kwanza ya Fender Japan yaliuzwa Ulaya kwa jina la Squier, lile jina ambalo wasee hulidharau kuwa ni la wanaoanza. Hizo Squier za kwanza, ambazo nambari zake huanza na herufi JV, leo wakusanyaji huzitafuta kwa udi na uvumba. Kwa hivyo jina dogo kwenye kichwa cha gitaa si hukumu.

Ngazi ya Fender, kutoka juu hadi chini

Stratocaster ya “miaka ya sitini” unaweza kuipata kwa ngazi nne tofauti, na zote nne zina haki ya kujisifu kuwa zinafuata zile za kitambo.

Juu kabisa kuna Custom Shop, karakana maalum iliyoanza 1987 na iko Corona, California. Humo ndani kuna magitaa yanayoundwa na timu ya mafundi, na mengine yanaitwa Masterbuilt, ambayo fundi mmoja mwenye jina lake ndiye anayeyasimamia. Bei ya Custom Shop hupita dola 4,000 kwa urahisi. Kwa Sh130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya nusu milioni.

Ya pili ni American Vintage, ambayo tangu 2022 inaitwa American Vintage II. Hii pia ni ya Corona, lakini inatoka kiwanda cha kawaida. Inafuata vipimo vya mwaka maalum, kwa mfano 1951 au 1961, na hupakwa laka ya nitroselulosi kama zamani. Bei ni kama dola 2,000 na ushee.

Ya tatu ni Vintera, iliyoanza 2019 na kufuatiwa na Vintera II mwaka 2023. Hizi hutengenezwa Ensenada, Meksiko. Kutoka Corona hadi Ensenada kwa barabara si mbali hata kama Nairobi hadi Mombasa, lakini katikati kuna mpaka, na mpaka huo unakata bei karibu nusu. Vintera hufuata muongo, si mwaka mmoja kamili, na kwa kawaida hupakwa poliesta.

Ya nne ni Squier Classic Vibe, iliyokuja 2008 na kutengenezwa Asia. Umbo na rangi ni za kitambo, lakini mbao huweza kuwa tofauti, kwa mfano msonobari. Mpya huwa chini ya dola 600.

Sasa rudi kwenye tangazo langu. “Riishu ya 62, ya Marekani” maana yake ni ngazi ya kwanza au ya pili. Hata ikiwa imetumika, Sh90,000 ni chini ya dola 700. Nilikuwa naahidiwa Prado kwa bei ya bodaboda, na bado nikauliza, “Utaniwekea na begi?”

Ngazi ya Gibson

Gibson wana mitego yao, kwa sababu maneno yao yanafanana sana.

Chini kuna Epiphone, kampuni iliyokuwa mshindani wao hadi Gibson walipoinunua 1957. Siku hizi Epiphone nyingi hutengenezwa Asia. Epiphone wametoa hata Les Paul yao ya 1959, yenye pikapu za Gibson halisi. Ni gitaa zuri, halina aibu yoyote, mradi uuziwe kama Epiphone.

Katikati kuna Gibson za kiwanda cha Nashville. Hapa utakutana na “Les Paul Standard ’50s” na “Standard ’60s”. Soma vizuri: hizo ni ladha ya muongo, si nakala ya mwaka mmoja. Shingo ni nene kidogo kwenye ya hamsini, nyembamba kwenye ya sitini.

Juu kuna Gibson Custom, ambao tangu 1993 wamekuwa wakitoa riishu za kihistoria. Hapo ndipo utasikia wajuaji wakisema “R9” ama “R8”. R ni ya riishu, na nambari ni mwisho wa mwaka: R9 ni 1959, R8 ni 1958, R7 ni 1957, na R0 ni 1960. R9 mpya hupita dola 6,000. Hiyo ni zaidi ya Sh780,000, bila usafiri na ushuru.

Kwa hivyo “Les Paul Standard ’50s” na “1959 Les Paul Standard” ni magitaa mawili tofauti yenye pengo la laki kadhaa. Mtu anayeuza ya kwanza kwa bei ya pili anategemea wewe usisome hadi mwisho wa mstari.

Kuna siri moja tamu. Kwenye riishu nyingi za Les Paul za miaka ya 1950, nambari ya seriali nyuma ya kichwa inajieleza. Tarakimu ya kwanza ni mwaka unaonakiliwa, na inayofuata ni mwisho wa mwaka lilipotengenezwa. Nambari inayoanza na 9 kisha 3 ni riishu ya 1959 iliyozaliwa mwaka unaoishia na 3, kwa mfano 2013 au 2003. Ile miaka miwili niliyokuambia mwanzoni, hapa unaiona imepigwa muhuri.

Gitaa lililozeeshwa

Ulishawahi kununua jinzi mpya iliyochanika magoti? Magitaa pia yanafanyiwa hivyo.

Mwaka 1995 Fender Custom Shop walileta magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi, yakaitwa Relic. Rangi inakwanguliwa pale mkono ungepumzika, chuma kinafanywa kishike kutu, kona zinagongwa. Tangu hapo viwango vimeongezeka. NOS ni gitaa la muundo wa zamani lakini jipya kabisa, kana kwamba lilisahaulika dukani. Closet Classic ni kama lililokaa kabatini. Journeyman Relic ni la mtu aliyelipiga kwa adabu. Relic na Heavy Relic ni la mtu aliyelala nalo baa kwa baa.

Gibson wana Murphy Lab, kitengo kilichoanza kuuza 2021 na kupewa jina la fundi Tom Murphy, aliyekuwa amezeesha magitaa kwa miaka mingi. Wao hupanga uzee kutoka mwepesi sana hadi mzito sana. Lebo ya VOS nayo, kwenye Gibson, ina maana ya vipimo vya zamani na mng’ao uliopunguzwa, bila kukwanguliwa.

Je, uzee huo unaongeza sauti? Watu watapigana mtandaoni hadi Yesu arudi. Kitu ninachoweza kukuambia kwa mkono wangu ni hiki: shingo iliyosuguliwa nyuma huteleza vizuri na hushikika kama ya gitaa ulilolizoea. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini alama za kutu kwenye skrubu hazifiki kwenye spika. Unapolipa zaidi kwa sababu ya uzee, jua unalipia kazi ya mikono ya fundi na sura. Hakuna ubaya. Ila usidanganywe kwamba unalipia historia, maana historia yake bado haijaanza.

Uaminifu pia una gharama

Riishu inayofuata zamani kikamilifu inarudisha hata matatizo ya zamani.

Mfano wa kwanza ni swichi. Stratocaster za kwanza zilikuwa na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji wakagundua ukiikwamisha katikati unapata sauti nyingine tamu, na 1977 Fender wakaweka nafasi tano. Riishu za 1982 zikarudisha tatu. Kihistoria ni sawa kabisa, lakini kwa msee anayepiga kanisani Jumapili ni usumbufu.

Mfano wa pili ni ubao wa freti. Stratocaster za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na ubao uliopinda zaidi, wa kipimo cha inchi 7.25. Ni mtamu kwa kodi, lakini ukivuta uzi kwa nguvu huko juu ya shingo, nota inaweza kufa ghafla. Vintera inafuata hiyo ya zamani. Classic Vibe, ya bei ya chini, inatumia inchi 9.5, iliyonyooka kidogo na rahisi kuvuta uzi. Kwa mpigaji wa leo, ile rahisi ndiyo inaweza kumfaa zaidi.

Mfano wa tatu ni laka ya nitroselulosi. Ni nyembamba, inazeeka vizuri na inapendwa. Lakini hupasuka kwa mabadiliko ya joto, hubanduka, na stendi yenye raba inaweza kuichoma na kuacha doa. Poliesta haina mahaba, ila itavumilia matatu, mvua ya Aprili na begi la elfu moja mia tano.

Maneno ya kukutega

Haya yaandike mahali.

“Custom” si lazima iwe Custom Shop. Les Paul Custom na Telecaster Custom ni majina ya modeli tangu miaka ya 1950. Kuna Epiphone Les Paul Custom na Squier yenye neno hilo hilo.

“Vintage” inaweza kuwa sifa, lakini pia ni jina la kampuni ya Uingereza inayouza magitaa mapya ya bei ya kawaida. Kichwani limeandikwa hivyo hivyo: Vintage. Muuzaji hajadanganya. Wewe ndiye umejidanganya.

“Imebuniwa na Fender” si sawa na “imetengenezwa na Fender.” Pikapu nyingi za Squier zina sifa hiyo ya kwanza.

“Premium” peke yake haina maana yoyote, isipokuwa kwa Ibanez. Kwao Premium ni jina la ngazi, hutengenezwa Indonesia, na juu yake kuna Prestige ya Japani. Kwa hivyo mtu akikuambia Ibanez Premium ni ya juu kabisa, mwambie asante, kisha uendelee kutembea.

Kabla hujabonyeza ‘tuma’

Omba picha ya nambari ya seriali, mbele na nyuma ya kichwa, siku hiyo hiyo, pamoja na karatasi yenye jina lako kando. Nambari inasaidia kujua nchi: Fender nyingi za Meksiko za tangu 2010 huanza na MX, za Marekani huanza na US, na nyingi za American Vintage za kwanza zilianza na V. Squier inayoanza na ICS ni ya Indonesia. Lakini kumbuka nambari halisi inaweza kunakiliwa kwenye gitaa feki, kwa hivyo ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho.

Usiamini kichwa cha gitaa. Nembo ndiyo sehemu rahisi zaidi ya kudanganya, kwa sababu stika zake zinauzwa mtandaoni kwa pesa kidogo. Kwa Fender, omba shingo ifunguliwe. Skrubu nne, dakika tano. Chini ya shingo na kwenye mwili mara nyingi kuna mihuri au maandishi ya kiwanda, na utaona pia kama ni mbao au plaiwudi. Muuzaji akikataa kabisa, hilo ni jibu.

Kwa Gibson, angalia kile kifuniko kidogo kichwani, karibu na nyuzi zinapopita. Gibson halisi kwa kawaida hufungwa kwa skrubu mbili. Ukikuta tatu na limeandikwa Gibson, rudisha pesa mfukoni.

Uliza cheti. Magitaa ya Custom Shop huja na cheti na kasha gumu. Kisipokuwepo, bei lazima ishuke, hata kama gitaa ni halali.

Piga hesabu ya mpya. Tafuta bei ya gitaa hilo likiwa jipya Marekani, kisha ulinganishe. Punguzo la theluthi kwa gitaa lililotumika linaweza kuwa la kawaida. Punguzo la robo tatu ni hadithi ya mtu anayehama nchi.

Mwisho, lipige. Kila freti, kila uzi, kila swichi, kwenye ampu. Kama hujui kukagua, mlipe fundi nauli na chai aende nawe. Mimi ningempa yule mzee elfu mbili siku ile, ningeokoa sabini na tano.

Basi ununue gani?

Kama una laki tano za kuchezea, nenda Custom Shop na Mungu akubariki. Lakini najua wengi wanaosoma hapa wana pesa kama zangu za 2021: kidogo, za jasho, na zimebeba matarajio ya mtu nyumbani. Kwako wewe nasema lipia vitu ambavyo msikilizaji atavisikia. Freti zilizonyooka, shingo isiyopinda, vikaza nyuzi visivyolegea, na ampu ya maana. R9 kwenye ampu mbovu italia kama redio ya kinyozi. Squier iliyokazwa vizuri kwenye ampu nzuri itakulipia kodi ya nyumba.

Halafu sikiliza rekodi za zamani za benga, kina D.O. Misiani na Shirati Jazz. Zile nyuzi zinakimbizana mpaka miguu inajisahau. Sijawahi kuona mtu amesimama katikati ya dansi kuuliza lile gitaa lina lebo gani.

Ilinichukua mwaka mmoja na nusu kujipanga tena. Safari hii nilinunua Classic Vibe ya mkono wa pili kwa Sh45,000, na mzee fundi alikuwa kando yangu na bisibisi mfukoni. Ile feki bado ninayo. Kuna dogo wa jirani anajifunzia nayo, na nimemwambia ukweli wote kuihusu.

Mwaka jana mamangu alikuja kunisikiza kwenye harusi ya binamu yangu. Bendi ilipopumzika, akanisogelea na sahani ya pilau, akaliangalia gitaa.

“Hii ndiyo ile ya elfu tisini?”

“Hapana, Mum. Hii ni nusu.”

Akaliangalia tena. “Sasa ile nyingine ilikuwa ya nini?”

Nikamwambia nitamweleza siku nyingine. Basi, Mum, ukiisoma hii, maelezo ndiyo haya.